Masikio ya Mzee Eliseo na Daktari Aliye Mbali

Asubuhi nyumbani kwa Mzee Eliseo Archuleta ilianza kwa kelele. Hazikuwa kelele za ugomvi. Zilikuwa kelele za televisheni.

Mimi ni jirani yao. Jina langu ni Corina Trujillo. Kati ya nyumba yangu na yao kuna uzio wa waya na mfereji wa maji. Hata hivyo, kila asubuhi nilisikia taarifa ya habari ya kwao nikiwa jikoni kwangu, madirisha yamefungwa. Sikuwa na haja ya kuwasha televisheni yangu.

Kijiji chetu, Rincón Hondo, kiko milimani, kaskazini mwa New Mexico, Marekani. Watu ni wachache na tunajuana. Mimi hufanya kazi katika kliniki ndogo ya Cañada Verde, mji ulio chini ya bonde. Kabla ya kwenda kazini nilizoea kupita kwa Archuleta kuchukua mayai. Mke wa Mzee Eliseo, Mama Fidelina, anafuga kuku. Mara nyingi nilimkuta anageuza tortila, chapati za kwetu, juu ya jiko la kuni, sufuria ya maharage ikichemka pembeni.

"Mzee," alimwambia mumewe asubuhi moja, "umefunga mlango wa kuku?"

"Mpango? Mpango gani?"

"Mlango! Mlango wa kuku!"

"Kuku wana mpango?"

Mama Fidelina alinikonyeza. "Ndiyo, wana mpango wa kuhamia kwa Corina."

"Sasa mbona hukuniambia mapema?" Mzee Eliseo aliuliza kwa uchungu kabisa.

Tulicheka mpaka tortila ikaungua. Yeye hakucheka. Aligeukia televisheni yake akaongeza sauti.

"Watu wa siku hizi wanamumunya maneno," alisema. "Zamani watu walifungua midomo."

Mzee Eliseo alipokuwa kijana alipelekwa vitani Vietnam. Aliwekwa kwenye kikosi cha mizinga. Mizinga ile ililia mchana na usiku, naye alisimama kando yake. Hakuna aliyewahimiza kuziba masikio. Wengine walichomeka vipande vya sigara masikioni, basi. Aliporudi nyumbani, alirudi na mlio ndani ya masikio. Uliimba kama nyenje wakati wa kiangazi, lakini haukunyamaza hata majira ya baridi.

Miaka kadhaa iliyopita alikwenda hospitali ya askari wastaafu, mjini Albuquerque. Walimpima, wakampa vifaa vya kusaidia kusikia. Walimwambia arudi ili vifaa virekebishwe kulingana na masikio yake. Hakurudi. Kufika mjini ni safari ya nusu siku, tena kwa barabara ya milimani. Kwenye theluji ni hatari zaidi. Alivivaa vifaa vile kwa wiki moja tu. Sahani zikigongana, yeye aliruka kama mtu aliyepigwa. Basi akavitupa kwenye droo, pamoja na misumari na funguo za magari yaliyokwisha kufa.

Kidogo kidogo alijitenga na watu. Zamani alikuwa msimamizi wa mfereji wetu. Ndiye aliyegawa zamu za maji, na hakuna aliyelalamika. Siku moja mkutanoni mtu alimwomba amwazime koleo. Yeye akajibu kwamba mke wake hajambo, asante. Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini yeye hakurudi tena mkutanoni.

"Wamezoea kusema pembeni," alisema.

Wengine wakaanza kusema Mzee Eliseo ana maringo. Hakuwa na maringo. Alikuwa hasikii.

Ndipo ikaja asubuhi ile ya mwezi wa pili.

Theluji ilikuwa imeyeyuka kidogo, kisha ikaganda tena. Ardhi ilikuwa barafu tupu. Mama Fidelina alitoka kuwapelekea kuku chakula. Alipozunguka nyuma ya banda, mguu ukateleza. Alianguka vibaya. Alisikia kifundo cha mguu kikilia kama kijiti kinachovunjwa.

Alijaribu kuinuka, akashindwa. Alijaribu kutambaa. Maumivu yalimzidi. Akaanza kuita.

"Eliseo! Mzee! Eliseo!"

Televisheni ilikuwa inanguruma ndani. Hakuna aliyekuja.

Baada ya muda mlango wa jikoni ulifunguka. Mzee Eliseo alitoka akiwa na ndoo ya majivu ya jiko. Mama Fidelina alimwona vizuri kupitia pengo la uzio wa banda. Hakuwa mbali. Ungeweza kumrushia jiwe likamfikia. Aliita kwa nguvu zake zote. Mzee Eliseo alimwaga majivu kwenye njia, ili mtu asiteleze. Akapangusa mikono. Akatazama mawingu. Kisha akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mimi ndiye niliyemkuta. Nilikuja kuchukua mayai yangu kama kawaida. Nilisikia sauti ndogo nyuma ya banda nikadhani ni mwanakondoo aliyepotea. Nikaenda kutazama. Mama Fidelina alikuwa amelala ubavu kwenye barafu, midomo ya bluu, kuku wakidonoa chakula kilichomwagika karibu na kichwa chake.

"Usimgombeze," ndilo neno la kwanza aliloniambia. "Corina, usimgombeze mzee. Hakusikia."

Nilimfunika kwa koti langu, nikakimbilia jikoni. Mzee Eliseo alikuwa anakunywa kahawa. Nilizima televisheni. Alipouona uso wangu, alisimama kabla sijasema kitu.

Mguu ulikuwa umevunjika. Baridi ilikuwa imeanza kumwingia mwilini. Daktari wa zamu hospitalini alisema bahati ilikuwa upande wetu. Walimfunga plasta, wakamweka kitandani na mablanketi ya moto. Mzee Eliseo aliketi kando yake ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Nilikuona," Mama Fidelina alimwambia.

"Umesemaje?"

"Nilikuona, mzee. Ulipotoka na majivu. Nilikuita."

"Umesemaje, bibi? Sikukupata."

Mama Fidelina alinyoosha mkono, akamshika shingoni, akauvuta uso wake karibu. Akasema ndani ya sikio lake, pole pole, neno moja moja. Mimi nilitazama dirishani. Nilipogeuka, Mzee Eliseo alikuwa analia. Nimemfahamu tangu nikiwa mtoto. Sijawahi kumwona akilia, hata siku alipomzika mama yake.

"Nilitazama mawingu," alisema. "Wewe umelala pale, mimi natazama mawingu."

Siku chache baadaye Mama Fidelina alirudi nyumbani na magongo. Niliwapelekea supu. Mzee Eliseo alikuwa amevitoa vifaa vyake kwenye droo. Vilikuwa mezani, vimejaa vumbi, betri zimeoza.

"Corina," alisema, "hivi vimekufa. Nitakwenda mjini. Lakini siwezi kumwacha bibi peke yake, na yeye hawezi kukaa garini nusu siku na mguu ule. Nifanyeje?"

Niliketi mbele yake, ili aone mdomo wangu. Sikupiga kelele. Nilisema taratibu.

"Huna haja ya kwenda mjini, Mzee Eliseo. Siku hizi daktari wa masikio anakuhudumia kwa video. Unakuja kliniki kwetu Cañada Verde. Yeye anabaki Albuquerque."

Alijishika masikio kwa mikono miwili.

"Masikio yangu yako hapa," alisema. "Daktari yuko kule. Atanipima kwa miujiza?"

"Atakupima kwa mashine na mikono yangu. Mimi nakuwekea vyombo masikioni. Yeye ndiye mtaalamu. Anaviendesha vyombo vile kutoka kule aliko, anaona kila kitu kwenye skrini yake, na mnazungumza ana kwa ana."

"Wewe, mwana wa Trujillo? Wewe uliyeanguka kwenye mfereji wangu mara tatu ukiwa mtoto, ndiwe utakayenitia vyombo masikioni?"

"Mara mbili, mzee. Mara ya tatu nilisukumwa."

Mama Fidelina alicheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke. "Atakwenda," alisema. "Corina, mwandikie miadi. Akikataa, nampiga kwa gongo. Sasa ninayo mawili."

Nilimweleza kwamba si yeye peke yake. Askari wastaafu wengi wanaishi mbali na hospitali kubwa. Wengi wao masikio yaliharibiwa na bunduki, mizinga na injini za ndege. Zamani aliyekuwa mbali aliteseka na safari, au alikata tamaa. Huduma ya video ilianza kidogo kidogo, kisha ikaenea. Kliniki ndogo kama yetu zikapata vyombo. Aliyekwisha kujiandikisha katika huduma ya askari wastaafu anapiga simu tu na kuuliza: naweza kupimwa masikio karibu na kwetu?

"Kuuliza tu?" alisema.

"Kuuliza tu."

Siku ya miadi alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kama anayekwenda kanisani. Nilimketisha katika chumba kidogo kisichoingiza kelele. Kwenye skrini alitokea mwanamke kijana mwenye nywele zilizofungwa nyuma na hereni za feruzi.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni Daktari Begaye. Unanisikia?"

"Marahaba, binti. Nakuona. Kukusikia ni habari nyingine."

Daktari alicheka. "Basi tumeanza kwa ukweli. Wengine hunidanganya nusu saa nzima."

Kwanza niliingiza kamera ndogo kwenye sikio lake, nyembamba kama kalamu. Picha ilitokea kwenye skrini zote mbili, yetu na ya daktari. Mzee Eliseo alishtuka.

"Hilo pango ni nini?"

"Ni sikio lako, mzee," daktari alisema. "Kule mwisho panapong'aa ni ngoma ya sikio. Iko salama. Lakini hapa kando pana nta nyingi. Mzee, unasafisha masikio na nini?"

Mzee Eliseo alinitazama mimi, kana kwamba nimemchongea. "Na ufunguo wa gari," alisema.

"Acha leo hii. Pamba za vijiti pia acha. Unaisukuma nta ndani, na unaweza kuitoboa ngoma. Sikio hujisafisha lenyewe. Nta ikizidi, itolewe kliniki."

Muuguzi wetu alimtoa nta. Kisha nikamvalisha hedifoni. Daktari Begaye alituma milio kutoka Albuquerque, minene na myembamba, mikubwa na midogo. Mzee alibonyeza kitufe kila aliposikia. Niliona jinsi alivyokaza macho. Milio mingine mimi niliisikia ikivuja kwenye hedifoni, naye ameketi kimya, anasubiri. Baadaye alisomewa maneno ayarudie. Neno "mlango" alirudia "mpango." Nilimfikiria Mama Fidelina na kuku wake.

Daktari alipomaliza aliinama karibu na skrini.

"Mzee Eliseo, ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana. Ndivyo vinavyopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Mzinga ukilia karibu, vinyweleo hulala kama majani yaliyokanyagwa. Vingine haviinuki tena. Vyako vilivyokufa ni vile vya sauti nyembamba. Kwa hiyo unasikia kwamba mtu anaongea, lakini hupati vizuri herufi kama s, f, t na k. Maneno yanafika yamekatika."

"Kwa hiyo watu hawamumunyi?"

"Hawamumunyi, mzee."

Aliinamisha kichwa. Halafu aliuliza kwa sauti ndogo, "Na huu mlio? Nimekaa nao tangu vitani. Sijawahi kumwambia mtu unavyonichosha."

"Nakuamini," daktari alisema. "Babu yangu alikuwa nao pia, kutokana na vita yake. Sitakudanganya kwamba nitautoa. Lakini sauti za kweli zikirudi, mlio hupungua nguvu. Wengi huanza kuusahau kwa saa nyingi. Ukikusumbua zaidi, kuna njia nyingine za kuutuliza. Tutazizungumza."

Mzee Eliseo alitikisa kichwa polepole kukubali. Tulipotoka nje aliniambia, "Yule binti ameniuliza mambo ambayo hakuna aliyeniuliza miaka yote hii. Tena yuko ndani ya kioo."

Vifaa vipya vililetwa kwa posta baada ya muda. Vilikuwa vidogo, vya rangi ya kijivu, vinakaa nyuma ya sikio. Havikuhitaji kubadilishwa betri. Vinachajiwa kama simu. Daktari Begaye alipanga kuvirekebisha kwa video, mzee akiwa nyumbani kwake.

Hapo tukapata shida. Mtandao wa Rincón Hondo unakuja na kuondoka upendavyo. Siku ya miadi Mama Fidelina aliweka simu mezani, akaiegemeza kwenye bakuli la pilipili. Uso wa daktari ulitokea, ukaganda mdomo wazi, ukapotea.

"Amekufa?" Mzee Eliseo aliuliza.

"Ni mtandao, mzee," nilisema. "Twendeni posta. Pale unashika vizuri."

Tukajibana watatu kwenye pikapu yake, Mama Fidelina katikati, magongo yakinichoma ubavuni. Tuliegesha mbele ya posta. Daktari alirudi kwenye simu, picha safi kabisa. Hakukasirika. Alisema mgonjwa wake wa jana alikuwa ameketi juu ya trekta.

Nilimsaidia mzee kuvaa vifaa. Mama Fidelina alishika simu. Alikuwa amekwisha kujifunza kuunganisha simu na vifaa, na alinizuia nilipotaka kugusa.

"Tulia, Corina. Mimi nimesoma maelekezo. Bonyeza hapa, subiri taa. Tayari, daktari."

"Vizuri, mama. Sasa navirekebisha kutoka huku. Mzee, utasikia milio midogo, usiogope."

Tukangoja. Mzee Eliseo alikuwa ametazama mbele, mikono kwenye usukani. Ghafla aligeuza kichwa.

"Nini hicho kinachogonga?"

"Kinachogonga nini?" nilisema.

"Tik, tik, tik. Hamsikii? Kuna kitu kimevunjika."

Mama Fidelina aliinama kutazama. "Ni indiketa, mzee. Umeiwasha tangu nyumbani."

"Indiketa inalia?"

"Imelia siku zote! Watu wa barabara hii wamezeeka wakisubiri ugeuke kushoto."

Daktari Begaye alicheka hata simu ikatikisika, au labda ni mkono wa Mama Fidelina uliotikisika. Kisha daktari akasema, "Mama, mwambie neno. Kwa sauti yako ya kawaida. Usipaze."

Mama Fidelina alisita. Nadhani alikuwa amesahau sauti yake ya kawaida ilivyo. Miaka mingi alikuwa amezungumza na mumewe kwa kupaza.

"Eliseo," alisema taratibu. "Hukunyoa vizuri leo. Umeacha ndevu chini ya kidevu."

Mzee Eliseo aligusa kidevu. Akazipata zile ndevu. Kisha akamtazama mke wake, na hakuondoa macho.

"Sema tena," alisema.

"Hukunyoa vizuri."

"Tena."

"Mzee, posta nzima inatutazama!"

"Waache watazame. Sema tena."

Kabla ya kumaliza, daktari alitoa maagizo. Siku za kwanza avae saa chache tu, kisha aongeze kila siku. Ubongo umezoea ukimya, nao unahitaji kujifunza upya. Asome gazeti kwa sauti kila asubuhi, ajizoeze kusikia sauti yake. Nyumbani wazime televisheni wakati wa mazungumzo, na Mama Fidelina aongee akimtazama usoni, bila kupiga kelele.

"Na jambo moja kubwa," alisema. "Sikio likiuma, likitoa usaha au damu, au usikivu ukipotea ghafla, usingoje miadi ya video. Nenda ukaonwe na daktari siku hiyo hiyo. Si kila kitu kinaonekana kwenye simu. La mwisho, kitu kikikukera, usivitupe kwenye droo. Niambie. Kuvirekebisha ndiyo kazi yangu."

Mzee Eliseo alimgeukia mkewe. "Umemwambia habari za droo?"

"Mimi? Sijasema kitu."

"Wote wana droo, mzee," daktari alisema.

Haikuwa rahisi. Nisikudanganye, msomaji. Ijumaa moja ya Kwaresima tulikuwa na chakula cha jioni katika ukumbi wa kanisa. Watoto wanakimbia, sahani zinagongana, viti vinaburutwa. Mzee Eliseo alivumilia kidogo, kisha akang'oa vifaa vyote viwili akavitia mfukoni. Uso ulikuwa mwekundu.

"Ni kama kukaa ndani ya pipa linalopigwa," alisema. "Basi. Nimeshindwa."

Mama Fidelina hakubishana naye. Kesho yake asubuhi alimpa simu. "Daktari alisema umwambie. Mwambie."

Alimwambia. Wiki hiyo hiyo Daktari Begaye alitokea tena, safari hii jikoni kwao, maana mtandao ulikuwa na huruma siku hiyo. Alimuuliza kelele gani zilimuumiza, na alikuwa ameketi upande gani wa ukumbi. Kisha akavirekebisha. Akamwekea mpangilio wa pili, wa mahali penye watu wengi. Kwa kubonyeza kitufe nyuma ya sikio, kelele za pembeni zinashuka na sauti ya mtu wa mbele inabaki. Alimshauri pia aketi mgongo wake ukielekea ukutani.

"Imekwisha?" Mzee Eliseo aliuliza. "Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu."

"Mara ya kwanza niliacha kwa sababu ya hiki kitu kidogo?"

"Mara ya kwanza barabara ilikuwa ndefu, mzee," daktari alisema. "Sasa imefupishwa."

Tangu siku hiyo hakuviacha. Akiamka, anavivaa kabla ya viatu. Mlio bado upo, anasema, lakini umekuwa kama jirani aliyehamia mbali kidogo. Televisheni ya kwao siisikii tena. Nimelazimika kununua redio.

Majira ya kuchipua yalipofika, watu wa mfereji walikutana kupanga usafi na zamu za maji. Mzee Eliseo alikuja. Aliketi mgongo ukutani. Mtu mmoja alisema kwa kunong'ona, nyuma, kwamba wazee wapewe zamu za mwisho.

"Nimekusikia, Benigno," Mzee Eliseo alisema bila kugeuka. "Nawe si kijana."

Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko, naye alicheka kuliko wote.

Amewaleta wenzake wawili kliniki kwetu. Mmoja alihudumu kwenye meli, mwingine jangwani, vita ya baadaye. Aliwakalisha kwenye kiti, akawaambia, "Msiogope pango. Ni sikio lenu." Yule wa jangwani bado kijana, ana watoto wadogo. Aliniambia alidhani mashine za masikio ni za wazee. Sasa anawasikia watoto wake wakimwita kutoka chumba cha pili, na anasema wanamwita mno.

Mwishoni mwa mwezi wa tano wanakijiji hukusanyika makaburini kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Mwaka huu ulivuma upepo. Bendera ndogo zilipigapiga juu ya makaburi. Msichana wa shule, binti mwenye haya na sauti nyembamba, alichaguliwa kusoma majina. Desturi yetu ni hii: jina likisomwa, sisi sote tunajibu, "Yupo!"

Nilisimama nyuma ya Mama Fidelina na mumewe. Mama Fidelina alikuwa ameacha magongo, anatembea kwa kuchechemea tu. Aliniambia baadaye jambo nisilolijua. Kila mwaka Mzee Eliseo alisimama pale akitazama midomo ya watu. Ikifunguka, naye alifungua wake. Hakujua jina lipi limesomwa. Alikuwa akijibu bila kujua anamjibia nani.

Msichana alisoma. Upepo uliichukua sauti yake huku na huku. Mzee Eliseo alikuwa ameinamisha kichwa, amefumba macho.

"Onofre Maes," msichana alisoma.

"Yupo!"

Ilikuwa sauti moja, peke yake, kabla ya sisi wengine wote. Mzee Eliseo. Mimi nilikuwa hata sijafungua mdomo. Kisha na sisi tukaitikia, "Yupo!"

Onofre Maes alikuwa mwana wa shangazi yake. Walikwenda jeshini pamoja, basi moja. Onofre hakurudi.

Tulipokuwa tunashuka kuelekea magari, Mama Fidelina alimshika mumewe mkono. Hakupaza sauti. Njia ilikuwa na watu, na upepo haukuwa umetulia.

"Ulisikia?" aliuliza.

"Nilisikia," Mzee Eliseo alisema. "Jina zima. La kwake na la baba yake."